Mashindano ya hesabu ya watoto wetu, na maharagi yetu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wafadhili kwenye mkutano mkuu wa chama, Goma. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Wazee wetu, mama na baba, walimu, wafadhili mliotoka mbali, na ninyi vijana mnaosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, tunaomba msamaha juu ya viti. Tulihesabu vibaya, na kwa siku tunayokuja kusema mambo ya hesabu, ni haya kidogo.

Komite ilituomba, sisi tunaotembea nyumba kwa nyumba kwa kazi ya chama, tueleze mambo matatu. Yale mashindano ya miradi ya hesabu ya wanafunzi wa sekondari yalikuwa ya nini? Yalikula nini? Na kwa nini yameleta maneno mengi kwenye ugawaji wa maharagi? Tutajibu yote matatu, hata pale jibu linapotugusa sisi wenyewe.

Tulianzia wapi

Mnajua wenyewe tulikotoka. Mwezi wa pili 2025, makambi ya Bulengo, Lushagala na mengine kandokando ya Goma yalipovunjwa, kila mtu alishika njia na kile alichoweza kubeba. Godoro, sufuria, mtoto mgongoni. Wengine walirudi Sake na Kirotshe, wengine Kibumba, wengine Rugari mpaka Kiwanja. Wengine walifika nyumbani, wakakuta ukuta bila paa, wakageuka tena Goma kukodi chumba kimoja cha mbao juu ya mawe ya volkano.

Katika mizigo ile yote, karatasi za shule ndizo za kwanza kupotea. Bulteni inalowa mvua, inachanika, inasahauliwa chini ya shiti. Halafu mtoto anafika kwenye shule mpya, anaulizwa: iko wapi bulteni ya mwaka jana? Shule moja, hatutaitaja jina, ilimrudisha kijana wetu mara tatu kwa sababu hiyo. Mara ya nne hakwenda tena. Alianza kuchota maji ya ziwa kwa bido na kuuza.

Shule ya msingi ni bure tangu 2019, na tunashukuru. Lakini sekondari bado inalipwa, na kwa mzazi aliyerudi bila shamba lililolimwa, minervali ni mlima. Kwa hiyo kila mkutano wetu juu ya vijana ulikuwa mkutano juu ya minervali. Tunalipia nani, tunaacha nani. Tulikuwa tunasema juu ya vijana kama watu wanaosema juu ya deni.

Siku moja mwalimu mmoja wa hesabu, naye ni mwanachama na naye alikaa kambini kama sisi, alisimama akasema: "Hawa watoto tunawahesabu kila siku. Ni nani aliwaomba wao wahesabu kitu?"

Neno hilo lilitushika. Ni kweli. Mtoto aliyekulia kwenye makambi amehesabiwa tangu anatambaa. Amepangwa mstari, ameandikwa kwenye orodha, amepewa jetoni, jina lake limeitwa au halikuitwa. Anajua kabisa kwamba namba ina nguvu: namba ikikosewa, nyumba inalala njaa. Lakini namba ile ilishikwa na mtu mwingine, na kalamu ya mtu mwingine. Kwa hiyo tukasema, tuwape vijana kalamu.

Hesabu si kitu cha wageni

Kuna wazazi walituambia: hesabu ni kitu cha wazungu na cha shule, sisi tunajua tu kulima. Tunaomba turudi nyuma kidogo, palepale mkoani kwetu.

Ninyi mliotoka upande wa Rutshuru na Lubero mnajua ziwa Edward, mnajua samaki wa Vitshumbi na wa Kyavinyonge. Karibu na Kyavinyonge, pale mto Semliki unapotoka ziwani, kuna mahali panaitwa Ishango, ndani ya mbuga ya Virunga. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale akapata mfupa mdogo, urefu wake kama sentimita 10, una kipande cha jiwe jeupe kwenye ncha. Juu ya mfupa ule kuna mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Wataalamu wanakadiria kwamba umri wake ni kama miaka 20,000.

Mwalimu wetu aliichora mikato hiyo kwenye ubao siku ya kwanza, na tunaona vizuri ninyi pia muisikie. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni kila moja: zote zinatoa 60. Safu ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, na hiyo inatoa 48. Mtu aliyekata mfupa ule alitaka kusema nini? Wataalamu bado wanabishana. De Heinzelin aliona kama mchezo wa namba. Wengine waliona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema mikato ilisaidia tu mkono usiteleze. Mfupa wenyewe uko Bruxelles, kwenye jumba la makumbusho. Lakini aliyeukata alikuwa mtu wa hapa, kwenye ziwa letu, na alikuwa na sababu ya kuacha alama. Vijana walikaa kimya pale. Halafu mmoja akauliza: "Kwa hiyo deni ya samaki iliandikwa hivyo?" Hatukuwa na jibu. Lakini swali lake lilikuwa la mtu aliyeshika kalamu tayari.

Mradi ni kitu gani

Tueleze neno "mradi", kwa sababu wengi walidhani ni mtihani. Mtihani tunaujua. Egzamen ya Serikali iko tangu 1967, na sehemu yake kubwa ni ya kuchagua: unapewa swali, unapewa majibu kadhaa, unatafuta lililo sawa. Hatuudharau. Tunautaka, watoto wetu waupite, wapate diploma. Lakini mtihani unampa mtoto swali la mtu mwingine. Kwenye mradi, mtoto ndiye anatafuta swali, ndiye anakwenda kupima, ndiye anasimama mbele ya watu kujitetea.

Wengine walitutangulia. Jirani zetu wa Tanzania wako na Young Scientists Tanzania tangu 2011: wanafunzi wa sekondari wanaleta miradi yao ya sayansi na ya hesabu, wanaieleza mbele ya majaji na mbele ya watu. Mfano huo ulitoka Ireland, ambako wanaufanya tangu 1965. Huko Ireland, mwaka 1999, msichana wa miaka 16 jina lake Sarah Flannery alishinda kwa mradi wa hesabu mtupu: njia mpya ya kuficha ujumbe kwa namba ili mwizi asiusome. Dunia nzima ilimwandika. Halafu ikaonekana njia ile iko na tundu, mtu mwenye ujuzi anaweza kuifungua. Yeye hakujificha. Alilieleza kosa hilo ndani ya kitabu chake mwenyewe. Tuliwaambia vijana: huyo ndiye tunamtaka. Anayepata jambo, na akiona kosa lake, analisema.

Kwa hiyo sheria zetu zilikuwa chache. Kikundi cha watu wawili au watatu, na msichana lazima awemo. Opsio yoyote: sayansi, pedagoji, komersiali, kilimo, ushonaji. Swali litoke nyumbani, sokoni, shambani au njiani. Namba mzikusanye wenyewe. Na ukurasa wa mwisho wa kaye muandike pale ambapo mradi wenu unaweza kuwa na kosa. Bulteni hatukuomba. Aliye shuleni na aliyekaa nyumbani kwa kukosa minervali, wote waliingia.

Vikundi 14 vilianza, 9 vikafika mwisho. Vitano viliachia njiani: wawili walihama na wazazi wao, wengine walishikwa na kazi ya kutafuta chakula. Juri ilikuwa ya watu wanne: walimu wawili wa hesabu, mama mmoja mshonaji, na mzee mmoja aliyesukuma chukudu miaka mingi. Tulichagua hivyo makusudi. Mtoto akieleza hesabu yake na mzee wa chukudu hakuielewa, basi bado hajaieleza.

Juu ya pesa: tulinunua kaye, biki, mita za kupimia, karatasi ngumu, chai na mandazi, na tulilipa motari kwa waliotoka mbali. Zawadi zilikuwa taa za jua, mashine ndogo za kuhesabia, na minervali ya muhula mmoja kwa kikundi cha kwanza. Mweka hazina amebandika orodha yote pale mlangoni, na bei zake. Mukitoka, someni.

Vijana walileta nini

Hatuwezi kueleza miradi yote tisa. Tuchukue mitatu kwa ufupi, halafu ule wa maharagi.

Mradi wa kwanza ulikuwa wa likirimba. Mama kumi wanatoa kila mmoja 5,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anachukua 50,000. Wote wanatoa sawa, wote wanachukua sawa. Lakini wa kwanza anapata pesa kabla hajatoa nyingi, na wa kumi anangoja wiki kumi. Kijana mmoja alisema: wa kwanza amekopeshwa, wa mwisho amekopesha, na hakuna anayesema neno. Dawa yao ilikuwa rahisi: mzunguko wa pili mugeuze mstari. Wa kwanza awe wa kumi, wa pili awe wa tisa. Ukijumlisha nafasi za kila mama, 1 na 10, 2 na 9, 3 na 8, wote wanapata 11. Kwenye ukurasa wa makosa waliandika: hii inasaidia tu kama bei ya sokoni haipandi sana kati ya mizunguko, na kama hakuna mtu anayekimbia. Mama mmoja alicheka akasema, "Huyo wa kukimbia njo tatizo yenyewe."

Mradi wa pili ulikuwa wa njia ya Sake. Wote tunakumbuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, na tarehe 27, watu wa kartie 10 za Goma walipoambiwa watoke. Wengi walikwenda Sake kwa miguu. Kikundi hiki kiliuliza: familia inachukua saa ngapi? Walipima mwendo wa watu kwa barabara, na saa mkononi. Mtu mzima peke yake, kilomita 4 kwa saa. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, 3 tu. Kwa kilomita 27, wa kwanza anafika kwa saa sita na dakika 45, wa pili kwa saa tisa. Jibu lao: familia haiendi kwa mwendo wa baba, inaenda kwa mwendo wa mtoto mdogo. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo asingoje kuona wengine wanatoka. Mzee wa chukudu aliwauliza kama walihesabu kupumzika. Hawakuhesabu. Waliandika hapohapo, mbele yetu.

Mradi wa tatu ndio ulishinda, na ulitoka kwa wasichana wa ushonaji. Wengi walishangaa, wakisema hao hawasomi hesabu. Swali lao: sketi ya bluu ya shule ina vipande viwili, kila kimoja chembamba juu na kipana chini. Juu sentimita 24, chini 40, urefu 60, mshono ukiwa umehesabiwa ndani. Kitambaa kina upana wa 150. Mafundi wengi wanapanga vipande vyote vichwa juu, na vinaingia vitatu kwa mstari. Wao walivigeuza, kimoja kichwa juu, kimoja kichwa chini, upande wa mteremko ukilaliana na mwenzake. Vinaingia vinne. Kwa sketi sita, yaani vipande 12, njia ya zamani inakula mistari minne, sentimita 240. Njia yao inakula mitatu, 180. Walijaribu kwanza kwa karatasi za gazeti, halafu kwa kitambaa chenyewe, na mama mshonaji alipima kwa mkono wake. Kosa walilolitaja: haifai kwa kitambaa chenye maua yanayotazama upande mmoja. Kwa kila sketi sita, sentimita 60 zinabaki mkononi. Kwa chama kinachoshonea watoto nguo za shule, hilo si jambo dogo.

Sasa, maharagi

Kikundi cha wanafunzi watatu kilikuja kwetu na ombi. Walitaka orodha ya ugawaji wetu. Tulisitasita. Halafu tukasema, tumewaambia wahesabu, hatuwezi kuwachagulia wasihesabu kwetu. Tukawapa orodha ya ugawaji mmoja wa nyumba 40, bila majina, namba za watu tu.

Ninyi mnajua tulivyogawa: kila nyumba makopo 12. Tulifikiri hiyo ndiyo haki. Sawa kwa sawa, hakuna wa kulalamika.

Walirudi na karatasi moja. Nyumba 40, watu 240, makopo 480. Nyumba ya wastani ina watu sita, na inapata makopo mawili kwa kila mtu. Lakini nyumba ndogo kabisa ina watu wawili: kila mmoja anapata makopo sita. Nyumba kubwa kabisa ina watu 11: kila mmoja anapata kopo moja na kidogo tu. Sisi tulisema sawa kwa sawa. Sawa ya nyumba ilikuwa sawa, lakini ya mdomo haikuwa sawa hata kidogo. Na sisi ndio tuliigawa hivyo, ugawaji baada ya ugawaji, na kalamu yetu.

Hawakuishia hapo. Walisema: tugawe kwa sehemu mbili. Kila nyumba ipate kitu kwa kuwa ni nyumba, na kila mtu apate kitu kwa kuwa ni mtu. Ili makopo yabaki 480 yaleyale, kuna sharti moja: chukua sehemu ya nyumba, ongeza mara sita ya sehemu ya mtu, lazima upate 12. Hapo unaweza kuchagua. 12 kwa nyumba na sifuri kwa mtu, hiyo ni njia yetu ya zamani. 6 kwa nyumba na 1 kwa mtu. 3 kwa nyumba na 1 na nusu kwa mtu. Au sifuri kwa nyumba na 2 kwa kila mtu. Walichora mistari minne kwenye karatasi ngumu, na yote inapita kwenye nukta moja: nyumba ya watu sita, makopo 12. Nyumba hiyo haipati wala haipotezi. Nyingine zote, unachagua nani apande na nani ashuke.

Wao walipendekeza 3 na 1 na nusu. Nyumba ya watu 11 ingetoka kwenye 12 ikapata makopo 19 na nusu. Nyumba ya wawili ingeshuka kutoka 12 mpaka 6.

Mbele ya juri, msichana aliyeeleza mradi alisikia minong'ono, kwa sababu watu wanamjua: yeye anatoka kwenye nyumba ile ya watu 11. Mtu mmoja akamwuliza waziwazi kama amehesabu kwa ajili ya sahani yake. Alijibu: "Jumla haibadiliki. Kama nimekosea, nionyesheni mstari gani." Hakuna aliyeonyesha mstari. Lakini mwalimu mmoja alimwuliza swali gumu zaidi: kama kila mtu ana kopo lake, watu hawataongeza majina? Hilo hawakulifikiria. Ndiyo sababu walipata nafasi ya pili, na si ya kwanza.

Wiki iliyofuata walirudi na nyongeza. Majina kumi ya uongo kwenye orodha ya 40, kwa njia ya kopo moja kwa mtu, ni makopo kumi ambayo hayapo. Wa mwisho kwenye mstari ndio watakosa. Kwa hiyo dawa ni orodha kusomwa kwa sauti mbele ya nyumba kumi, jirani wakisikia. Anayeongeza jina haibii chama, anamwibia jirani aliyesimama nyuma yake.

Tulipoleta jambo hili kwenye mkutano wa wanachama, baba mmoja alisimama kwa hasira: "Sasa batoto njo batatugawia maharagi?" Tulimwelewa. Si rahisi mtoto wa sekondari kukwambia kwamba ulikosea mwaka mzima. Lakini aliyebadilisha mkutano si yeye, wala sisi. Ni mama mzee mmoja anayeishi na mjukuu wake, nyumba ya watu wawili. Alisema polepole: "Mimi niko na vinywa viwili tu, ni kweli. Lakini ile nyumba ya bato kumi na moja, iko na mikono ya kubeba muzigo, ya kulima, ya kuchota maji. Mimi mikono hakuna. Mukinitoa makopo sita, nitayapata wapi?"

Tulinyamaza wote. Vijana nao walinyamaza. Halafu msichana yule akafungua kaye yake, akasema: "Mama, kuna mstari mwingine." Akaonyesha 6 kwa nyumba na 1 kwa mtu. Nyumba ya wawili inapata makopo 8. Nyumba ya watu 11 inapata 17. Jumla ni ileile, 480.

Mkutano ulipiga kura kwa mikono, na mstari huo ndio ulichaguliwa. Tumegawa mara moja kwa njia hiyo, orodha ikisomwa kwa sauti. Malalamiko hayakuisha. Nyumba mbili zilibishana juu ya mtoto anayelala huku na kula kule. Lakini kwa mara ya kwanza watu walilalamika wakiwa na namba mkononi, na tuliweza kujibu.

Tumejifunza nini, na tunaomba nini

Tumejifunza kwamba hesabu haikuchagua mahali petu. Hesabu ilituonyesha kwamba njia ziko nne, na kila njia inamuumiza nani. Kuchagua kulibaki kazi yetu, na ilihitaji mama mzee aseme kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha. Kijana aliyejua kupima na mzazi aliyejua maisha, kila mmoja peke yake angekosea. Tungetaka mashindano yafundishe hilo hasa.

Na tumejifunza juu yetu. Tulikuwa watu wa kuhesabiwa, halafu tukawa watu wa kuhesabu wengine, na tukasahau haraka ilivyo kusimama kwenye mstari.

Kwa wanachama, tunaomba mambo mawili. Mtoto akija na mita na kaye kuuliza mambo ya shamba lako, soko lako au likirimba yako, usimfukuze. Mpe namba za kweli. Na msichana akiwa kwenye kikundi, kazi ya nyumbani igawanywe siku hizo, kwa sababu vikundi viwili karibu vianguke juu ya bido za maji.

Kwa wafadhili, tunashukuru, na tunasema bila kujificha: hatuombi kombe kubwa wala hoteli ya kutolea zawadi. Tunaomba kaye, mita na usafiri kwa vikundi vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo ambavyo safari hii havikuweza kuja. Tunaomba muendelee na minervali, kwa sababu kikundi kilichoshinda kimelipiwa muhula mmoja, na mwaka wa shule una zaidi ya muhula mmoja. Na tunaomba kitu cha mwisho ambacho hakina bei: mnapotuletea msaada wenye orodha na kipimo chake, mkubali watoto hawa wauhesabu. Kama walituhesabia sisi, watawahesabia na ninyi.

Yule kijana wa bido tuliyemtaja mwanzoni alikuwa kwenye kikundi cha njia ya Sake. Ndiye alikaa barabarani na saa, kwa sababu barabara ile anaijua. Mwalimu mmoja wa juri amezungumza na shule nyingine juu yake, na wamekubali kumpima kwa jaribio badala ya bulteni. Jaribio ni wiki ijayo. Karatasi ngumu yenye mistari minne iko pale ukutani, karibu na mlango. Mukipita, itazameni, na mukiona kosa, onyesheni mstari gani.